Nafasi ya Mama Imeshatumika

Siku ya kuniaga, walipokwisha kunifunga leso mabegani na kunikabidhi saa ya ukutani, nilisimama nikasema kwamba naondoka bila kinyongo na mtu yeyote. Makofi yakapigwa, padre akafunga kwa sala, wali ukapakuliwa. Nilikuwa nimedanganya, na haikuwa mara ya kwanza. Kwa muda mrefu kila aliyeniuliza kama nimekasirika nilimjibu kwamba hapana, nimechoka tu. Mume wangu aliuliza. Daktari wa presha aliuliza, tena akiwa amenifunga mkono kwenye kile kipimo chake, akiona ukweli ukipanda kwenye namba. Nikamwambia ni chumvi.

Sasa nimestaafu na presha ni yangu mwenyewe, kwa hiyo nakiri: nilikuwa na hasira, bado ninayo, na naiandika hapa kwa ajili yenu mnaobaki katika idara ya rasilimali watu. Mnaambiwa katika kila semina kwamba mfumo wa kompyuta ni mzuri kwa sababu hauna hisia. Ni kweli hauna. Kwa hiyo inabidi mtu mwingine pale ofisini awe nazo, na kwa miaka ile mtu huyo nilikuwa mimi, nikizificha chini ya tabasamu kama mtu anayeficha soksi iliyotoboka.

Habari za vyeo na mshahara sitawachosha nazo. Vyeo nilipata kwa sababu waliokuwa mbele yangu walizeeka kabla yangu. Nitawaambia habari za kazi.

Kwa asiyelijua shirika letu, ni la afya. Lina hospitali moja Migori mjini na zahanati zilizotawanyika, kutoka Ogwedhi karibu na Narok hadi kisiwa kidogo ng'ambo ya Mbita. Nilifika pale nikiwa msichana wa Kuria mwenye shahada moja, nimeiweka katika bahasha ya plastiki ili mvua isiione. Mkuu wa idara alikuwa Madam Rosa, mwanamke mnene wa Rongo aliyevaa miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani. Aliitazama shahada yangu, akairudisha kwenye bahasha, akanipa kitambaa cha vumbi.

"Anza na kabati," akasema.

Kabati lilikuwa la chuma na droo yake ya tatu haikufunguka mpaka uipige kwa goti mahali fulani. Nilitumia wiki nzima kujifunza mahali hapo. Ndani mlikuwa na mafaili ya wafanyakazi wote, yamefungwa kwa kamba, na mijusi waliokuwa wameajiriwa kabla yangu. Nilijiona nimeonewa. Nilikuwa nimesoma nadharia za motisha, na hapa nilikuwa natoa mayai ya mjusi kwenye faili la mpishi.

Kesi yangu ya kwanza ilikuwa ya mlinzi wa Ogwedhi. Alikuja asubuhi, kofia mkononi, akasema ana msiba. Nikachukua kalamu kwa heshima zote nikamuuliza nani amefariki. Kabla hajajibu, Madam Rosa alinyoosha mkono kutoka meza ya pili akaninyang'anya kalamu.

"Wewe ni polisi?" akaniuliza. Kisha akamgeukia mlinzi. "Pole sana, baba. Nani atakushikia zamu?"

"Kuna Chacha, madam. Nimeongea na yeye."

"Amekubali?"

"Amekubali. Yuko hapo nje."

"Mwite atie sahihi. Nenda salama. Utarudi lini?"

Ikaisha hivyo. Mlinzi alipotoka nilimwambia Madam Rosa, kwa sauti ya mtu aliyesoma, kwamba lazima tujue aliyefariki ni nani ili tuzuie udanganyifu. Akashusha miwani ya kichwani, akawa na yote miwili machoni, jambo alilolifanya akitaka kuniona vizuri.

"Boke, aliyekufa hatutamfufua. Lakini geti la Ogwedhi siku ya soko la ng'ombe bila mlinzi, unajua inakuwa nini?"

Sikujua. Akanisimulia jinsi fahali alivyoingia hadi chumba cha chanjo, na nesi akapanda juu ya meza pamoja na mtoto wa watu. "Na faili ilikuwa safi," akasema. "Ilionyesha nani amekufa, alizikwa wapi, na mchungaji nani. Hakuna aliyeuliza nani anashika geti."

Fomu yake ya likizo ilikuwa na mstari mmoja mrefu kuliko mingine yote: Atakayeshika zamu. Mwenye zamu alitia sahihi, na mwenzake vilevile. Nimesoma vitabu vingi vya utawala tangu siku ile na sijakutana na mstari wenye akili kuliko huo.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo halikuandikwa kwenye fomu yoyote. Nusu ya wafanyakazi wetu walikuwa Wasabato na nusu Wakatoliki, na wenyewe kwa wenyewe walikuwa wamepanga mambo yao. Mkatoliki alimfanyia Msabato Jumamosi, naye akalipwa Jumapili. Hakuna mkubwa aliyewahi kuamuru hivyo. Mgonjwa alikuta nesi siku zote saba, na Mungu naye alipata watu wake siku zote mbili. Madam Rosa alisema mpango kama huo hauguswi, kwa sababu ukiugusa utataka kuuandikia sera, na ukiuandikia sera wataanza kuidanganya.

Alistaafu, akaniachia kiti chake. Miwani ya kichwani aliondoka nayo.

Hapo ndipo niliporudi chuo kikuu, kwa masomo ya wikendi, kuchukua shahada ya uzamili. Mada ya tasnifu yangu ilikuwa jinsi mifumo ya taarifa za rasilimali watu inavyoathiri utendaji wa shirika. Nikagundua kwamba inauathiri vizuri sana. Niligundua hivyo kwa kugawa hojaji kwa maofisa wa rasilimali watu kama mimi, ambao wengi wao hawakuwa na mfumo wowote na waliutamani, nikiwanunulia soda wakati wanajaza. Walioulizwa wote walikubali, au walikubali kabisa. Msimamizi wangu alipenda majedwali. Nami niliyapenda. Nakala yenye jalada gumu iko rafuni hapa nyumbani, na juzi mjukuu wangu ameigeuza karakana ya magari yake, ambayo ndiyo kazi ya kwanza yenye manufaa ambayo kitabu hicho kimefanya.

Basi shirika liliponunua mfumo, nani angepinga? Mimi nilishangilia. Tulifundishwa katika hoteli moja pale Rongo, na mwalimu alikuwa kijana kutoka Nairobi mwenye viatu vyeupe ambavyo, kwa muujiza, vilibaki vyeupe hadi jioni. Alituonyesha jinsi mfanyakazi atakavyoomba likizo kwa simu. Unabonyeza likizo ya msiba, orodha inateremka, unachagua aliyefariki: baba, mama, mume au mke, mtoto, ndugu wa tumbo moja, jamaa wengine. Jamaa wengine hawana siku. Ukiwachagua, siku zinakatwa kwenye likizo yako ya mwaka.

Niliinua mkono nikauliza mstari wa atakayeshika zamu uko wapi.

"Hiyo ni operesheni, madam," akasema kwa upole. "Hii ni rasilimali watu."

Nikaandika jibu lake kwenye daftari kana kwamba ni hekima.

Sitaki mseme nachukia kompyuta. Mfumo ule ulitukumbusha leseni za manesi kabla hazijaisha, kazi iliyokuwa ikinikosesha usingizi. Ulituonyesha mfagiaji mmoja wa Uriri ambaye hakuwa amepumzika tangu aajiriwe, kwa sababu tu aliona haya kuomba. Hayo ni mazuri na nayasema. Lakini wiki ya kwanza tu uliwakuta Wasabato hawapo Jumamosi na Wakatoliki hawapo Jumapili, ukawaandika wote watoro. Nilikaa nikirekebisha kwa mkono, mmoja mmoja, kila Jumatatu, na kazi hiyo haikuonekana popote, kwa sababu mfumo haukuwa na mahali pa kuandika kwamba mtu fulani anaufichia aibu yake.

Kilichopendwa zaidi kilikuwa ukurasa wa rangi. Kila kituo kilikuwa na duara lake: kijani kwa utendaji mzuri, manjano kwa wastani, nyekundu kwa mbaya. Mkurugenzi wetu, Bwana Ochola, aliufungua kila asubuhi kabla ya chai. Alikuwa mtu mpole kwa kweli, msomi, mwenye kwao Karachuonyo, na aliamini kwamba wazungu wanaotufadhili wakiona kijani watatuheshimu.

Mama yake alipofariki, tulikwenda sote kwa basi la hospitali. Likizo yake aliomba kwa simu akiwa njiani, na baadaye alilisimulia hilo kwenye mkutano kama mfano wa maendeleo. Kule nyumbani tulikuta nyumba mbili za wake wa marehemu baba yake. Mama aliyemzaa ndiye aliyelala kwenye jeneza. Aliyetupokea, akatukalisha, akasimamia samaki na ugali wa watu wote wale huku macho yamevimba kwa kilio, alikuwa mke mdogo, Mama Dorina. Alimwita mkurugenzi "nyathina," mtoto wangu, mbele ya wajumbe wa bodi, akamfuta jasho kwa ncha ya leso yake.

"Huyu ni mama," Bwana Ochola akatuambia. "Huyu ndiye alinifunza kufunga kamba za viatu."

Nawaomba mkumbuke maneno hayo. Mimi niliyakumbuka kila siku kwa muda wa miezi.

Kwenye kile kisiwa cha ng'ambo ya Mbita tulikuwa na zahanati yenye nesi mmoja, Sista Peres. Mwembamba, mcheshi, mwenye sauti ya kuita mtu upande wa pili wa maji. Akipata dharura, nesi rafiki yake wa Mbita alivuka kumshikia zamu. Walikuwa wamekubaliana tangu zamani na hawakuhitaji kuniambia. Duara la kisiwa lilikuwa la kijani siku zote.

Baba yake Peres alioa wake watatu. Aliyemzaa alifariki Peres akiwa ndiyo kwanza ameajiriwa, enzi za makaratasi, na ni mimi mwenyewe niliyeuingiza msiba huo kwenye kompyuta tulipohamisha mafaili. Nilichagua: mama. Kisha akafariki wa pili, ambaye Peres alikua akila kwenye chungu chake. Akajaza mwenyewe: mama, na mfumo ukapokea, kwa kuwa msiba wa kwanza ulikuwa umetoka kwenye makaratasi. Kisha akafariki wa tatu. Huyo hakuwahi kuzaa, na tangu Peres akiwa mdogo wazee walimkabidhi Peres awe mtoto wa nyumba ile, ili siku ya kuzikwa kwake pasikosekane mtoto wa kusimama mlangoni. Akasimama. Kwenye simu alikuwa amejaza tena mama na kuondoka bila kusubiri jibu; aliporudi kisiwani akakuta simu yake imeingia ujumbe.

Nafasi ya mama ilikuwa imeshatumika. Mfumo uliona mtu amezika mama mara tatu, ukaandika kwamba unashuku udanganyifu, ukamsimamisha kazi wenyewe bila kumwuliza binadamu yeyote. Nesi aliyesimamishwa haruhusiwi kugusa dawa, wala kumkabidhi mwenzake funguo. Akafunga kabati, akafunga mlango wa zahanati, akaja Migori kwa kikao.

Tulikuwa watatu mezani: Bwana Ochola, yeye na mimi.

"Sista," mkurugenzi akaanza, "hapa inaonyesha umezika mama mara tatu."

"Ndiyo, nimewazika."

"Mtu ana mama mmoja."

Peres alimtazama, kisha akanitazama mimi, kama anayetafuta nani kati yetu ataanza kucheka. Hakuna aliyeanza.

"Daktari," akasema, kwa kuwa aliwaita wakubwa wote daktari, "wewe ni mtu wa Karachuonyo. Kwani huko kwenu mama ni mmoja?"

"Hapa tunazungumzia mfumo."

"Mimi sijazika mfumo. Mimi nimezika mama."

Bwana Ochola hakuwa na nia ya kumfukuza, na hilo ndilo linalonichemsha zaidi. Alikuwa na suluhisho lililonyooka, lililotoka kwa yule kijana wa viatu vyeupe. Peres atie sahihi kwamba wale wawili wa mwisho walikuwa jamaa wengine na kwamba alikosea kujaza. Siku zikatwe kwenye likizo yake ya mwaka, na arudi kazini kesho yake. Akamsogezea karatasi na kalamu.

Peres akaisoma. Akairudisha.

"Siku mkate. Kateni zote, sina neno. Lakini niandike mama yangu ni jamaa? Na mkono wangu?"

"Ni neno tu, Sista."

"Kama ni neno tu, si ubadilishe wewe?"

Akatoka. Nami nilikaa pale na shahada zangu mbili, nikipanga karatasi ambazo zilikuwa zimepangika tayari.

Neno lile lingeweza kubadilishwa kwa muda wa kunywa chai. Orodha ilifunguliwa kwa idhini mbili, yangu na ya mkurugenzi. Yangu niliitoa siku ileile. Niliandika ombi tuongeze akina mama kadiri mtu alivyo nao, na turudishe mstari wa atakayeshika zamu. Likarudi limekataliwa: wafadhili wangeuliza kwa nini orodha yetu si kama ya wengine. Nikaandika tena. Likarudi tena. Nilikuwa na adabu sana katika maombi yale. Nikiyasoma sasa natamani kuyatafuna.

Kisha kisiwa kikawa manjano. Kisha kikawa chekundu. Bila shaka kingekuwa chekundu! Nesi hayupo, mlango umefungwa, hakuna mtoto anayechanjwa, hakuna mjamzito anayepimwa. Lakini kwenye mkutano Bwana Ochola alionyesha duara lile ukutani akasema kituo hiki utendaji wake umeporomoka, bodi itaombwa ikifunge. Mfumo ulikuwa umemtoa nesi, kisha ukahesabu kwamba nesi hayupo, kisha ukashauri kwamba mahali pasipo nesi hapafai kuwa na zahanati. Na watu wazima waliovaa tai wakaandika kwenye madaftari. Ninyi mnaosoma kuhusu mifumo na utendaji wa shirika, hiyo hapo sura ya nne ya tasnifu yangu, ile ya matokeo, iliyokosekana.

Nilivuka kwenda kisiwani kumwona Peres. Pale mashua inapotia nanga nilimkuta mwanamke mwenye mtoto mgongoni akisubiri kuvuka kwenda Mbita. Alinitambua kwa kitambulisho shingoni.

"Nyar Kuria," akaniita, binti wa Kuria, "umetuletea nesi ama umetuletea kompyuta?"

"Tunashughulikia, mama."

"Mnashughulikia!" Akawageukia wenzake. "Sikieni huyo. Sindano ya mtoto inashughulikiwa." Wakacheka, kicheko cha watu wasiofurahi. Niliangalia viatu vyangu.

Peres alikuwa nyuma ya nyumba anapalilia sukuma wiki. Wakati ule hospitali nyingine ya Mbita ilikuwa imeanza kumtaka, nami nilijua akienda, mlango ule hautafunguka tena. Kwa hiyo nilifanya nilichokuwa nimekuja kufanya. Nilitoa ile karatasi kwenye mkoba.

"Peres, dada yangu, tia sahihi tu. Wewe unajua moyoni mwako ni mama. Mungu anajua. Karatasi inajua nini?"

Hakuacha kupalilia. "Madam, kwenu mama zako walikuwa wangapi?"

"Wanne."

"Yupi alikuwa jamaa?"

Nilifikiria. Nawaambieni, nilifikiria kweli, nikawapitisha mmoja mmoja: aliyenizaa, aliyeninyoa, aliyenificha nisipigwe, aliyenipa nauli ya kwenda shule kutoka kwenye fundo la leso yake. Nikairudisha karatasi mkobani.

"Sasa wewe kunywa uji," akasema. "Halafu uende uwaambie niko hapa. Sijaenda popote."

Nilirudi Migori na nikaenda moja kwa moja ofisini kwa mkurugenzi bila kubisha mlango, kosa ambalo kwetu ni kubwa kuliko wizi. Nikamwambia ajenda ya kufunga kisiwa aiondoe.

"Nesi hataki kutia sahihi," akasema. "Nimemfungulia mlango, amekataa kupita."

"Bwana Mkurugenzi, sisi tulikula kwa Mama Dorina. Wewe mwenyewe ulituambia yule ni nani."

Uso wake ukabadilika. "Madam Boke, usiniletee mambo ya nyumbani kwangu hapa ofisini."

"Ya Peres tumeyaleta."

"Wewe ndiye uliyeandika kwamba mifumo huinua utendaji. Tasnifu yako niliisoma. Tulinunua huu mfumo tukiwa nayo mezani." Akatabasamu, bila ubaya wowote, kama mtu anayemkumbusha mwenzake tabia njema. "Sasa kwa sababu umekugusa, unataka tuuvunje?"

Nilitoka. Nikaingia chooni, nikafungua maji ili nisisikike, nikatukana kwa Kikuria, kwa Kijaluo, na kwa Kiswahili sanifu. Nikanawa uso. Katibu wake aliniuliza kama nimekasirika. Nikasema hapana, nimechoka tu.

Bodi ilipangwa kukutana Jumanne, na ajenda ya kisiwa ilikuwa ya kwanza. Mimi nilikuwa natumikia wiki zangu za mwisho. Ofisini kwangu tayari nilikuwa nimeanza kufungasha: kikombe, kalenda, ile fomu ya zamani ya Madam Rosa niliyoiweka kwenye fremu.

Jumamosi kabla ya bodi, asubuhi, nilikuwa nyumbani nasugua sufuria ya uji. Simu ikaita juu ya meza. Jina la Bwana Ochola. Nikakausha mkono mmoja.

"Madam Boke." Sauti yake ilikuwa nzito, na nyuma yake wanawake walikuwa wanalia, kile kilio kinachopanda na kushuka ambacho huhitaji kuambiwa ni cha nini. "Mama ametuacha. Leo alfajiri."

"Pole sana, Bwana Mkurugenzi. Pole." Na nilikuwa namaanisha. Niliona ile ncha ya leso ya Mama Dorina ikimfuta jasho.

"Asante. Sasa sikiliza. Nimejaribu kuomba ruhusa, maana Jumanne sitaweza kuwa kwenye bodi. Hii kitu inakataa. Nikibonyeza mama, inaniambia nafasi imeshatumika."

Kwa miezi nilikuwa na maneno tayari kwa ajili ya mtu huyu. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi nikioga, nikipika, nikisubiri foleni benki. Yalikuwa mengi na mazuri. Yote yakakauka, likabaki moja tu, na sikuwa nimelitunga mimi.

"Kuna nafasi ya jamaa wengine," nikasema. "Nikuweke hapo?"

Nyuma yake mwanamke mmoja alikuwa anaita jina la marehemu, tena na tena. Nilisikia mlango ukifungwa, kilio kikawa mbali, na pumzi yake ikawa karibu sana na simu. Sikumsaidia. Mnaweza kunihukumu kwa hilo, mna haki, msiba ni msiba. Lakini kuna mwanamke alikuwa anapalilia sukuma kwa miezi kwa sababu ya maneno hayo mawili, na watoto wanavushwa maji kwenda kutafuta sindano, na nilitaka yakae kwake kidogo ayasikie uzito.

"Hapana," akasema mwishowe.

"Basi nikuandike nini?"

"Boke." Hakuwahi kuniita hivyo, bila madam. "Andika mama."

"Mfumo haukubali bila idhini yako."

"Ninayo simu hapa. Fungua orodha, natoa idhini sasa hivi."

"Na Peres?"

Nilimsikia akivuta kamasi, mtu mzima, kama mtoto.

"Arudi kazini Jumatatu. Ile ajenda itoe. Na faili yake uirekebishe, mwandikie mama." Akakohoa kidogo ili sauti imrudie. "Wote watatu."